Nyasi Chini ya Bati

Mwezi uliopita simu ililia nikiwa naanika maharage, na kijana aliyepiga akajitambulisha kuwa mwinjilisti wa kanisa la bondeni pale Mwanjelwa, Mbeya. Akasema wanabomoa kanisa la zamani ili wajenge kubwa, na mafundi wamekuta juu, chini ya bati, mikeka ya mianzi ambayo hakuna anayejua namna ya kuishusha bila kuivunja. Wazee wachache waliobaki wamesema ilisukwa na mwanamke wa Nyololo. "Ni wewe, bibi?" akauliza. Nikaweka ungo wa maharage chini. Nimekuwa mtu wa kunyamaza tangu utoto, na simu haijaniponya. Kisha nikamwambia tulikuwa wawili, na mwenzangu amelala makaburini miaka mingi sasa. "Basi uje uione kabla hatujaitoa yote," akasema. Kesho yake nikapanda basi. Nilipofika nilishika kwanza ukuta wa mlangoni, ndipo nikainua macho, na mambo yote yakarudi. Ndiyo sababu naandika. Naandika polepole, kwa herufi kubwakubwa nilizofundishwa hadi darasa la nne, kwa hiyo anayesoma anivumilie. Habari za ukoo wangu nitaziruka. Nitaandika mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na miaka kumi na saba nikikaa kwa Mama Mdogo Elina.

Nyumba ya Mama Mdogo, pale Nyololo, ilikuwa hatua chache kutoka barabara kuu ya Iringa na Mbeya. Ilikuwa na vyumba viwili: kimoja cha kulala na kupikia, kingine cha nyasi. Kuanzia mwezi wa sita, nyasi za mlimani zikishakauka na kuwa na rangi ya simba, tulitoka na mundu asubuhi, umande ukiwa bado umeganda juu ya majani na kuvunjika chini ya miguu yetu. Tulikata hadi mchana, tukachana kila mkono wa nyasi kwa chanuo la mti ili majani laini yatoke, yabaki mashina matupu, ndipo tukafunga. Hizo zilikuwa nyasi za kuezekea, na ndizo zilizotulisha. Jioni nilikula ugali na maharage nimeegemea mafungu, nikisikia mashina yanalia taratibu mgongoni mwangu. Biashara ile ilikuwa na kipimo chake. Fungu moja lilikuwa kumbatio moja: muuzaji analikumbatia mbele ya mnunuzi, na vidole vya mikono miwili vikigusana tu, fungu ni halali. Kwa hiyo mnunuzi hakutazama nyasi, alitazama mikono ya muuzaji. Mama Mdogo alikuwa mfupi, mnene, mwenye mikono kama ya mtoto. Mimi nilikuwa mrefu, na mikono yangu ilikaribia magoti. "Elina, wewe kaa!" mafundi walimpigia kelele. "Aje huyo twiga akumbatie!" Nilikumbatia nimefumba macho kwa aibu, uso wangu ndani ya nyasi, nikimsikia Mama Mdogo akiwajibu: "Twiga huyu ana bei yake, msimchoshe bure!" Maneno yote yalikuwa yake. Mimi nilikuwa mikono.

Alikuwa mjane. Shemeji yake, aliyekaa Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, alikuwa amemtumia ujumbe mara mbili kwa madereva wa malori: mwanamke hawezi kukaa peke yake barabarani anauza majani, aache nyumba, aje akae nyuma ya jiko lake amchungie mbuzi, na yule binti mrefu atatafutiwa kazi ya kulea watoto wa watu. Mara zote mbili Mama Mdogo alijibu kwa dereva yuleyule: "Mwambie nyasi bado zinaota." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake lote, na niliamini hakuna anayeweza kulivunja, kwa sababu nani angezizuia nyasi zisiote?

Kisha bati likaanza kupita. Siku ya kwanza nililiona nimesimama kando ya barabara na mundu mkononi. Lori lilipanda kutoka upande wa Iringa limebeba mabati yaliyolazwa, na jua la saa nne likayapiga. Nilidhani wamebeba maji ya mto yaliyosimama. Lilipopita, mwanga ule ulipita juu ya uso wangu, juu ya ukuta wetu, juu ya kuku, ukaenda zake, na mimi nikabaki mdomo wazi. Nilipaswa kulichukia, na baadaye nilijaribu, lakini nisiseme uongo: nililipenda. Hadi leo, mvua ikikatika na jua likipiga mabati ya mji, husimama nikatazama. Mama Mdogo alitoka nje akasimama kando yangu.

"Zuri, eh?" akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na halichomeki moto, na halina haja ya kubadilishwa kila mwaka wa pili." Akarudi ndani.

Mwaka ule malori ya bati hayakukoma. Madukani waliezeka bati, shule ikaezeka bati, na fundi mmoja aliyekuwa akinunua mafungu yetu tangu sijazaliwa alipita na nyundo mpya kiunoni, akajifanya anafunga kamba ya kiatu mpaka alipotuvuka. Tukabaki na mteja mmoja wa kutegemea, lile kanisa la Mwanjelwa. Mzee wake wa kanisa, Mzee Ambakisye, Mnyakyusa mpole mwenye sauti ya chini, aliagiza nyasi kwetu kila baada ya miaka miwili, kwa sababu nyasi za mlima wetu wa baridi zilidumu kuliko za kwao. Ulikuwa mwaka wa kuagiza, naye hakuagiza. "Amesahau," Mama Mdogo akasema. Tukakata kama vile ameagiza. Tulikata kuliko mwaka wowote, hadi chumba cha kulala nacho kikajaa tukawa tunalala kwenye kijia kati ya mafungu. Mvua za kwanza zilipokaribia tukapakia lori zima, tukaketi juu yake, tukaenda Mbeya.

Mwanjelwa ya siku zile haikuwa hii ya leo. Ilikuwa nyumba chache na mashamba ya mahindi, na kanisa lilionekana kutoka mbali. Mimi ndiye niliyeliona kwanza kwa kuwa mrefu. Sikusema kitu. Nilitazama ule mwanga unaokuja na kukua hadi lori liliposimama chini yake. Lilikuwa bati tupu, jipya, kutoka upenu hadi upenu.

"Ndaga, Elina," Mzee Ambakisye akasalimia kwa lugha ya kwao. Alikuwa ametoka nyumbani kwake, jirani na kanisa, bila kofia.

"Kamwene, mzee," Mama Mdogo akajibu kwa Kibena, lugha ya kwetu, macho yake juu ya paa. "Nani amefanya hivi?"

"Washarika wamechanga. Waliona aibu, duka la ng'ambo ya barabara lina bati na nyumba ya Mungu ina nyasi." Akakuna kichwa. "Nilikusudia kukutumia ujumbe."

"Madereva wanapita kila siku."

"Madereva walikuwepo, mama. Maneno ndiyo sikuyapata."

Dereva alitaka gari lake. Mafungu yakashushwa chini, na kwa kuwa mawingu yalikuwa yamefunga mlima, Mzee Ambakisye akatufungulia chumba kidogo cha nyuma ya madhabahu tuyaweke humo yasilowe. Tukayapanga hadi yakagusa bati, pande tatu za chumba, tukaacha nafasi ya mtu kusimama tu, mafungu ya juu yakikutana juu ya kichwa chake. Yaliyobaki tukayaegemeza nyumbani kwake.

Ndipo nilipomwona Mama Mdogo akishindwa, na sijasahau. Mtu aliyejibu kila mtu alikaa kwenye kigoda jikoni kwa Mama Lugano, mke wa Mzee Ambakisye, akautazama moto. Mama Lugano alipika mbalaga, ndizi zilizopondeka zikakolea mchuzi wa nyama, chakula ambacho kwetu hatukukijua na ambacho nilikila kwa hofu ya kuonekana napenda. Mama Mdogo hakugusa. Nikiwa naosha vyombo nje nilimsikia mzee akimwuliza mkewe, "Kwani anataka nini?" na Mama Lugano akijibu, "Hataki kitu, baba Lugano. Hiyo ndiyo shida." Siku ya pili Mama Mdogo aliniambia bila kunitazama, "Wewe unajua kuandika. Mwandikie shemeji Ipogolo. Sema nakuja. Basi la Jumatatu lichukue barua." Nikaomba karatasi. Nikaandika "Shemeji mpendwa," nikakaa. Jioni niliongeza "sisi ni wazima." Kesho yake nikaongeza "hofu ni kwako." Watu wamenicheka maisha yangu yote kwa kuandika kwangu polepole, lakini namshukuru Mungu kwa ule uzito wa mkono.

Jumapili kanisa lilijaa, kwa kuwa wengi walikuja kutazama bati kwa ndani. Mimi nilikaa benchi la pembeni na mjukuu wa Mama Lugano magotini, Mama Mdogo akiwa upande wa pili. Asubuhi ilikuwa ya baridi, pumzi za watu zikapanda, na bati likaanza kutoka jasho. Tone lilinidondokea shingoni. Tone lingine likaangukia upara wa mzee aliyekuwa mbele, akatazama juu kana kwamba ameitwa. Mchungaji alikuwa amefika katikati ya mahubiri mvua ilipopiga. Sina neno la kuueleza mlio ule. Nilikuwa nimelala chini ya nyasi maisha yangu yote, na chini ya nyasi mvua ni kitu kinachotokea nje. Hii ilikuwa ndani. Ilikuwa kama gari la mawe limemwagwa juu yetu na halimalizi kumwagika. Mchungaji alikuwa anafungua mdomo na kuufunga. Alipaza sauti, mishipa ya shingo ikamtoka, hatukusikia hata neno. Akaashiria waimbaji, wakasimama wakaimba, vifua vinapanda na kushuka, na wimbo wao sikuusikia. Watu walianza kutazamana. Wengine walicheka bila sauti. Mwisho Mchungaji alifunga kitabu, akaketi, akatazama juu kama sisi wote. Nilifikiri: hiki ndicho kitu kilichotushinda, na sasa kimemshinda hata Mchungaji.

Mtoto magotini pangu alikuwa analia, nilijua kwa kuuona mdomo wake. Nikamkumbatia nikakimbilia chumba cha nyuma ya madhabahu, nikavuta mlango. Naye akanyamaza. Kwanza nilidhani mvua imekatika. Kisha nikasikia pumzi ya mtoto. Nikasikia mashina ya nyasi yakilia taratibu, kama yalivyolia mgongoni mwangu Nyololo. Mvua ilikuwa kule juu, mbali, nje, mahali pake. Niliinua mkono nikagusa mafungu yaliyobanwa kwenye bati, nikayaondoa kidogo, na kelele ikaingia kama maji tunduni. Nikayarudisha. Ikatoka. Nilirudia mara tatu, na kila mara nilishangaa upya, nikajiona mtu anayefungua na kufunga mbingu kwa mkono mmoja.

Sikuwa na maneno, na hata ningekuwa nayo yasingesikika. Nilitoka nikapita mbele ya washarika wote, jambo ambalo siku nyingine nisingelifanya kwa chochote, nikamshika Mama Mdogo mkono wa gauni, nikamvuta. Alikuja kwa kukosa nguvu za kukataa. Nikamsimamisha katikati ya mafungu, nikafunga mlango.

Alisimama akitazama mafungu. Kisha akageuza kichwa kama kuku.

"Mvua imekwisha?"

Nikaondoa fungu, kelele ikaingia. Nikalirudisha.

"Fanya tena," akasema. Nikafanya tena. Aliniangalia, na uso wake ukarudi kwake, sijui nisemeje zaidi ya hapo. "Ile barua iko wapi?"

"Haijaisha, mama."

"Usiimalize."

Siku hiyohiyo aliwaleta Mchungaji na Mzee Ambakisye chumbani mmoja mmoja kama anayeuza dawa, na kabla mvua haijakatika kazi ilikuwa yetu: nyasi zote zipande juu, chini ya bati. Lakini tulikuwa watu wa kuezeka, na mikono ya kuezeka haijui kitu kingine. Wiki nzima tulifunga nyasi ndani ya kanisa kama tunavyofunga nje: vitako chini, ncha juu, safu ikilalia safu, mteremko ukielekea ukutani, unene wa dhiraa moja. Mama Mdogo alikaa juu ya kenchi, zile mbao zinazoshikilia paa, akiniamrisha niziinamishe zaidi. Mzee Ambakisye alisimama chini muda mrefu, kofia mkononi.

"Elina," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "naomba kuuliza. Huo mteremko ni wa nini?"

"Mzee, wewe hujui kuezeka. Ni wa maji yateremke."

"Maji yapi, mama? Si yapo nje, juu ya bati?"

Mama Mdogo alitazama bati, akatazama nyasi, akatazama bati. Tulikuwa tumeezeka paa ndani ya paa. Nilicheka, mimi, kwa sauti, hadi nikashika nguzo. Kesho yake uzito ule ulikata kamba, na nusu ya kazi yetu ikashuka juu ya mabenchi, na makapi yakamfunika Mchungaji aliyekuwa akiandaa mahubiri, akatoka mlangoni mweupe kama amepepetwa.

Aliyetuokoa ni Mama Lugano. "Mnachotaka si paa," akasema akitoa makapi kwenye kola ya Mchungaji. "Mnataka ukuta ulale." Kwao nyumba nzima hujengwa kwa mianzi, na alijua kuipasua na kuisuka tangu msichana. Akatufundisha: mwanzi hupasuliwa ukiwa mbichi, hupondwa vifundo, husukwa mbili juu mbili chini hadi uwe mkeka mgumu kama mlango. Mikeka tukaifunga kwenye kenchi ilale sawa, na juu yake tukatandaza nyasi zilizochanwa, unene wa vidole vinne tu. Mafungu yaliyokuwa ya paa moja yangetosha makanisa manne. Mama Mdogo alikata vidole, akatukana mianzi kwa Kibena, akajifunza. Mikono yangu ilifika mahali ambapo wengine walihitaji ngazi. Mkeka wa juu ya benchi la mwisho niliusuka peke yangu, na katikati nikakosea, tatu juu moja chini, nikaona nimechelewa kuufumua. "Acha," Mama Mdogo akasema. "Nani atatazama juu?"

Tulipomaliza, mvua ikagoma. Siku tisa jua likawaka, na watu wakawa wanapita wakiuliza kama tumefunika bati kwa sababu tunalionea wivu. Siku ya kumi mchana, wakati wa mazoezi ya kwaya, mawingu yalishuka mlimani. Mchungaji alikimbia nyumbani kwake akarudi na kitabu cha ubatizo. "Mtu asome mbele," akasema, "mimi nisikilize nyuma." Mama Mdogo alinisukuma mgongoni. "Huyu. Huyu ana sauti ya sisimizi. Akisikika huyu, hatasikika nani?" Nilisimama pale mbele, kitabu mikononi. Mvua ikapiga. Niliisikia ikija kama lori la Iringa, nikainamisha kichwa, lakini haikuingia. Ilibaki juu, nje, ikivuma kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nikaweka kidole kwenye mstari, nikasoma majina ya watoto polepole, jina kwa jina, kwa sauti yangu hiihii. Nilipofika jina la tano, bibi mmoja kizee benchi la mwisho, ambaye watu humwambia jambo mara tatu, aliinuka.

"Siyo Anyisile!" akasema kwa hasira. "Huyo ni mjukuu wangu, ni Anyosisye. Nani alimfundisha huyu mtoto kusoma?"

Kwaya nzima ililipuka kwa kicheko, na nilikisikia chote, kila kicheko na mwenyewe. Mchungaji alikuwa amevua miwani, anaipangusa. Mama Mdogo hakucheka. Alikuwa ameinua uso, amefumba macho, anasikiliza mvua.

Baada ya hapo duka la ng'ambo lilitaka dari, na shule, na kila aliyejivunia bati lake na kushindwa kulala chini yake. Sasa malori ya bati yalipopita Nyololo Mama Mdogo aliyapungia mkono. Kwa shemeji alituma neno lilelile, nyasi bado zinaota. Miaka miwili baadaye shemeji mwenyewe aliezeka bati pale Ipogolo, na mvua za kwanza zilipopita akaja hadi mlangoni kwetu, akazungumza kwa kupiga kelele kama mtu aliyezoea kutosikika. Tulikwenda tukamfanyia dari. Mama Mdogo alimtoza kama mtu mwingine yeyote.

Hayo yote niliyakumbuka nimeshika ukuta wa mlango mwezi uliopita. Mafundi walikuwa wameshashusha nusu ya mikeka vipandevipande, upande wa madhabahu, na bati la zamani lilionekana, limeiva kutu. Nusu ya nyuma ilikuwa bado. Nilikwenda hadi benchi la mwisho, nikatafuta juu yake, nikakuta: tatu juu, moja chini. Moshi wa miaka umeupaka rangi ya chai. Mwinjilisti, kijana mzuri, mrefu karibu kama mimi nilivyokuwa, alinieleza kanisa jipya litakavyokuwa. Paa la bati la rangi, juu sana, wazi, bila dari. "Mambo ya kisasa, bibi. Na spika kubwa nne."

"Spika," nikasema.

"Ndiyo, bibi. Mtu wa barabarani atasikia."

Alikwenda mbele kunionyesha zitakapofungwa, na mvua ya mchana ikashuka. Alikuwa amesimama pale palipo wazi, chini ya bati tupu, mkono umeinuliwa, na mdomo wake ukafunguka na kufungwa, ukafunguka na kufungwa. Aliweka viganja mdomoni akapiga kelele. Akanyoosha kidole sikioni mwake, akacheka, akatikisa kichwa.

Nilitembea hadi alipo. Siku hizi natembea kwa fimbo, ilichukua muda. Nikamshika mkono wa koti nikamvuta, naye akaja kwa heshima ya uzee wangu, hatua kumi, kumi na mbili, hadi tukavuka mstari pale mikeka inapoanzia. Nikaachia koti.

Akageuza kichwa. Akatazama nyuma tulikotoka, akarudi hatua mbili kwenye kelele, akaja tena hatua mbili chini ya mikeka, na uso wake ulikuwa uso niliouona mara moja tu, katikati ya mafungu, mlango umefungwa.

"Bibi," akanong'ona, nami nikamsikia vizuri kabisa. "Hii mnasukaje?"